Trần Đức Thảo na Barabara ya Mkoloni

Mwaka 1946, mwanafalsafa kijana wa Vietnam aliyekuwa Paris, Trần Đức Thảo, aliandika kuhusu Indochina, koloni la Ufaransa lililojumuisha nchi yake, katika jarida la Les Temps modernes. Alisema Mfaransa na Mvietnam hawaelewani kwa sababu kila mmoja anayaona mambo yaleyale kutoka ndani ya maisha yake. Tuseme ni barabara. Mfaransa anaona maendeleo aliyoleta. Mvietnam anaona kodi, kazi ya shuruti, na barabara ambayo wananchi wangeweza kujijengea.

Hapo fenomenolojia ya mwanafalsafa Husserl, inayochunguza mambo jinsi yanavyomtokea anayeyaishi, inakutana na Umaksi, unaoanza kwa kuuliza nani anamiliki nini. Wamaksi wengi hawautaki ujirani huo. Wanasema anayechunguza fahamu za mtu mmoja amejifungia chumbani, na kuhusu Husserl mwenyewe wako sahihi: njaa na mshahara havikuwa maswali yake.

Lakini msome mwanafenomenolojia Mfaransa Merleau-Ponty, mwishoni mwa kitabu chake cha 1945 kuhusu utambuzi. Mfanyakazi anasikia kwamba watu wa kazi nyingine wamegoma wakaongezewa mshahara. Baadaye, kiwandani kwake nako mshahara unapanda. Hajasoma Marx hata ukurasa mmoja, ila hali aliyoidhani ni kudra ameanza kuiona kama kitu kinachosukumika. Tabaka la wafanyakazi linazaliwa pale, na hesabu za uzalishaji peke yake haziwezi kutuonyesha siku hiyo.

Katika kitabu chake cha 1951, Thảo alihitimisha kwamba maswali aliyoyaacha Husserl yanajibiwa na uyakinifu wa kidayalektiki: fahamu hutokana na mwili unaofanya kazi. Nakubaliana naye, lakini naona aliharakisha kumuaga Husserl. Ukishajua kwamba kazi ndiyo chanzo, bado unapaswa kumuuliza mfanyakazi anaionaje.

Thảo alirudi Vietnam kuyatumikia mapinduzi. Mwaka 1956 aliandika akitetea uhuru na demokrasia, na kufikia 1958 alikuwa amepoteza nafasi yake chuo kikuu huko Hanoi. Mwaka huohuo wa 1956 chama cha kikomunisti kilichoongoza mapinduzi hayo kilikuwa kimekiri makosa katika ugawaji wa ardhi: wakulima wa kawaida walikuwa wameandikwa makabaila na kuadhibiwa, katika vijiji ambako kila jirani alijua nani hulima kwa mikono yake.