Mchagua Jembe si Mkulima

Liko kundi la watu wazima, nami nimo ndani yake, ambao hadi leo hutengeneza michezo ya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980: Sinclair ZX Spectrum, Commodore 64, BBC Micro na nyinginezo. Ni kazi ya mapenzi, wala haina fedha ya kutajwa. Mtu angetegemea kukuta ukarimu hapo. Lakini kila ajapo mgeni na kuuliza aanze na chombo gani, hujibiwa kama aliyesimamishwa kizimbani: andika kwa asembli, yaani amri za prosesa yenyewe, moja baada ya nyingine, mengine yote ni mambo ya watoto.

Nalipinga jibu hilo, na nitasema kwa nini.

Wanaolitoa hudai kwamba wanalinda mila. Mila ipi? Football Manager ya Kevin Toms, iliyotoka Uingereza mwaka 1982 na kupendwa sana, iliandikwa kwa BASIC, lugha ile ile iliyompokea mnunuzi mara tu alipowasha mashine yake. Mwaka 1983 kampuni ya Gilsoft ilitoa The Quill, programu iliyomwezesha mtu asiyejua lugha yoyote ya kompyuta kutunga mchezo wa maandishi, wa safari na mafumbo, na kisha kuupeleka sokoni. Manic Miner ya mwaka huo huo ni asembli kweli kweli, lakini Matthew Smith aliiandika kwenye kompyuta nyingine, TRS-80, ndipo akaihamishia kwenye Spectrum. Basi anayemcheka kijana wa leo kwa kuandikia mashine ya zamani akiwa kwenye kompyuta mpya, na amcheke Matthew Smith pia. Nao waliotengeneza BBC Micro waliiweka asembli ndani ya BASIC yenyewe, mtu achanganye apendavyo. Uadui huu tunaouhubiri wao hawakuwa nao.

Tuache historia, tuje kwenye hesabu. Prosesa ya Spectrum, Z80, hupiga mapigo milioni 3.5 kwa sekunde, na picha ya televisheni hubadilika mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo kila picha ina mapigo kama 70,000. Skrini nzima pamoja na rangi zake ni baiti 6,912. Amri ya kawaida ya kunakili kumbukumbu, LDIR, hula mapigo 21 kwa kila baiti. Zidisha mwenyewe, ndugu msomaji: ni zaidi ya 145,000. Maana yake, hata ukiandika kwa asembli, ukinakili skrini nzima kwa njia hiyo picha mbili zitapita kabla hujamaliza. Mwenye mpango mbovu haokolewi na lugha. Kinachomwokoa ni kuchora upya pale tu palipobadilika, na hilo laweza kufikiriwa katika lugha yoyote.

Sisemi kwamba vyombo vyote ni sawa. BASIC ya Spectrum huutafsiri kila mstari upya kila unapofikiwa, na kila namba huihifadhi kwa baiti 5 hata ikiwa ni moja tu. Mchezo wa kufyatua ndege ukiandikwa hivyo utakokota miguu. Lakini mchezo wa karata, wa mafumbo au wa kuendesha timu humngoja mchezaji afikiri. Nani atauona huo uchelewevu? Katikati ipo lugha ya C, kwa z88dk upande wa Z80 na cc65 upande wa Commodore 64. Hapo wapinzani wangu wana hoja ya haki, nami naikubali: prosesa ya Commodore ina stak ya baiti 256 tu, hivyo C hulazimika kujijengea nyingine pembeni, na mwendo hupungua. Dawa yake inajulikana. Andika mchezo wote kwa C, upime ni wapi unakwama, kisha sehemu hiyo moja uiandike kwa asembli.

Kinachoniuma ni hiki. Waliozikuta kompyuta hizi zikiwa mpya madukani wanazeeka. Mgeni anayeambiwa ajifunze asembli miezi sita kabla ya kuona nukta moja ikitembea kwenye skrini huondoka kimya, na mchezo aliokuwa nao kichwani huondoka naye. Sisi hubaki tukisifiana kwa usafi wa amri zetu katika michezo ambayo mingi haijaisha. Tukiendelea hivi, tutazikwa na ujuzi wetu.

Kwa hiyo mgeni akiniuliza mimi, humwuliza kwanza: ni vitu vingapi vitakavyotembea kwa wakati mmoja? Mchezo ukichelewa nusu sekunde, kutaharibika nini? Na chombo gani kitakufikisha mwisho? Majibu yake ndiyo yatakayomchagulia. Asembli ataifuata mwenyewe siku atakapoihitaji, na atajifunza upesi kwa kuwa atajua anaitafutia nini.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Kwetu sisi imezidi: hata jembe la mwenzetu tunataka kumchagulia, na shamba halijalimwa.