Fundi wa hifadhidata apewe mashine ya kuharibu

Mfanyabiashara wa leo haweki tena orodha ya wadeni katika daftari la kaunta. Mauzo, bidhaa zilizomo ghalani na madeni ya wateja vyote vimo ndani ya hifadhidata ya kompyuta. Hiyo ni mali kamili. Hata hivyo, wengi huikabidhi kwa fundi ambaye hajawahi hata mara moja kurudisha data zilizofutika.

Hatari hii haiwakabili wenye maduka madogo peke yao. Tarehe 31 Januari, 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alifuta data katika seva iliyokuwa kazini, akidhani yumo katika seva nyingine. Kiasi cha gigabaiti 300 zilitoweka. Zilipotafutwa nakala za akiba, ilibainika kuwa unakili wa kila siku ulikuwa ukishindwa kimyakimya, kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi aliichukua kwa mkono kiasi cha saa sita kabla. Kazi ya saa hizo sita ilipotea.

Ni dhahiri kwamba nakala isiyojaribiwa si akiba. Lakini hakuna mwenye duka atakayekubali majaribio yafanyike kwenye seva inayotoa risiti. Hapo ndipo zinapofaa mashine pepe, yaani kompyuta za kukodi kwa njia ya intaneti. Amazon ilianza kuzikodisha mwaka 2006, na wengine wakafuata. Mashine ndogo hutozwa senti chache tu za dola ya Marekani kwa saa, na hifadhidata kama PostgreSQL hazina ada ya leseni.

Fundi akodi mashine mbili, moja ya hifadhidata na nyingine ya nakala. Aifute ya kwanza makusudi, kisha airudishe huku saa ikihesabiwa.

Wapo watakaosema kompyuta kuukuu ya ofisini inatosha. Kwa kujifunza amri, inatosha. Lakini haitamwonyesha fundi muda unaotumika kusafirisha data kwa intaneti, na siku ya ajali muda huo ndio hasara.

Zipo tahadhari mbili. Kwanza, kuizima mashine hakumalizi gharama. Diski yake huendelea kutozwa hadi ifutwe. Pili, mazoezi yafanywe kwa data za kubuni. Hapa Tanzania, majina na simu za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa maoni yetu, cheti cha fundi pekee hakitoshi. Mwenye mali amwulize: mara ya mwisho ulirudisha data lini, na ilichukua saa ngapi? Mwekezaji naye aulize hivyo hivyo kabla hajatoa fedha zake. Jibu likiwa ni kimya, bei ya hisa hiyo bado ni kubwa mno.