Tochi ya randi 1,899: nimeipigia hesabu, na jibu langu ni hapana

Kijana mmoja wa nyumbani, mlinzi wa usiku kule Midrand, alinitumia picha ya tochi WhatsApp na swali fupi: "Kaka, hii nichukue?" Tochi yenyewe ndogo, haizidi kiganja, nyeusi, mdomoni ina meno kama ya kuvunjia kioo. Kwenye boksi wameandika taktiko, lumeni 3,000, mwanga unafika mita 400. Bei randi 1,899. Nikamjibu swali kwa swali: mwezi huu umeshatuma nyumbani? Akasema atatuma nusu, nyingine mwezi ujao.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kwanza, kutuma nusu nusu mara nyingi ni kulipa makato mara mbili, na Benki ya Dunia imeitaja Afrika Kusini kwa miaka mingi kuwa nchi ghali kuliko zote za G20 kutumia hela nje. Pili, nusu iliyobaki inakwenda kwenye tochi. Sasa tochi sio anasa huku, hilo nakubali mapema ili nisionekane bahili. Ila nilitaka nijue hiyo 1,899 inanunua nini hasa. Mwenzake kazini anayo ya namna hiyo hiyo, nikaiazima wikiendi moja. Nikaiweka mezani pamoja na yangu ya randi 560 ambayo nimekaa nayo mwaka wa tatu sasa, na ile niliyonunua randi 150 sokoni, ambayo nimeihifadhi kwenye droo kama ukumbusho wa ujinga wangu.

Kuna watakaosema mgao umeisha, tochi za nini. Kweli, ule mgao wa ratiba, wenyewe huku wanauita load shedding, Eskom waliusimamisha mwishoni mwa Machi 2024, na tukakaa miezi kumi hivi bila kuuona. Ukarudi mwisho wa Januari 2025, na Februari ukapanda ghafla hadi ngazi ya 6, maana yake megawati 6,000 zinatolewa kwenye gridi. Kisha ukapoa tena. Lakini giza la Joburg halijaisha, limebadilika tabia tu. Zamani 2023 ulikuwa unaangalia simu unajua saa mbili hadi saa nne usiku hakuna umeme, unachaji kila kitu mapema. Siku hizi linakuja bila taarifa: wameiba nyaya za kopa, transfoma ya mtaa imezidiwa, City Power wanakata kupunguza mzigo. Barabarani taa nyingi hazijawaka muda mrefu. Na anayetoka Rosettenville au Hillbrow saa kumi alfajiri kuwahi taksi za abiria anajua ninachosema, shimo la mtaro ambalo mfuniko wake umeuzwa chakavu halionekani kwa mwanga wa simu.

Kwa hiyo tochi nzuri leo sio ile kali kuliko zote. Ni ile inayoweza kulala kwenye droo miezi miwili na siku umeme ukikatika ikawaka.

Haya, vipimo. Jumamosi usiku nilizima taa, nikaielekeza ile ya 1,899 darini. Jamani, chumba kikawa kama mchana, jirani akagonga kuuliza kama umeme umerudi upande wangu peke yangu. Nikaanza kuhesabu saa. Dakika ya pili mwili wake ukawa wa moto, dakika ya tatu hivi mwanga ukashuka wenyewe bila mimi kugusa kitufe, kwa kukisia kwa macho ukabaki theluthi. Sio mbovu. Ndivyo zilivyotengenezwa zote: kidude kidogo namna ile kikiachwa kiwake kwa nguvu zote kitajiunguza, kwa hiyo ndani kuna kidhibiti kinachopunguza. Lumeni 3,000 ulizolipia unazo kwa dakika mbili tatu.

Na boksi halijadanganya, hapo ndipo palipo na utamu wake. Kampuni zenye heshima zinapima kwa kanuni inaitwa FL1. Kanuni inasema ukali wa mwanga upimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka uhesabiwe mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Soma tena hapo. Tochi ikiwaka lumeni 3,000 kwa dakika mbili, ikashuka hadi 900, ikajikokota hivyo hadi 300, muda wote huo unaandikwa "inawaka saa kadhaa" chini ya lumeni 3,000. Hata ule umbali wa mita 400 unahesabiwa pale mwanga unapokuwa umefifia kama wa mbalamwezi, yaani robo ya laksi. Mita 400 utaona kuna kitu, hutajua ni mbuzi au mtu. Mimi kama mhasibu nimeona vitabu vya hesabu vya namna hii: kila namba ni ya kweli, picha nzima inakupotosha.

Njia ya kutodanganyika ni kuacha kuangalia lumeni ukaangalia betri. Betri ndio mshahara, lumeni ni matumizi. Ukiujua mshahara huwezi kudanganywa na mtu anayekuonyesha jinsi anavyotumia Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Betri nyingi za tochi hizi ndogo ni 18650, kile kidude kinene kuliko betri ya rimoti, upana milimita 18, urefu milimita 65, ndio jina lilikotoka. Ya kweli ina mAh 2,500 hadi 3,500 hivi. Chukua 3,000, zidisha kwa voti 3.6, gawanya kwa elfu: saa-wati 10.8. Taa nzuri ya LED kwenye tochi inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja, nyingine zaidi kidogo. Kwa hiyo mfuko wako wote ni kama lumeni 1,000 kwa saa moja. Ukitumia lumeni 1,000, saa moja umefilisika. Ukitumia 100, una saa kumi na zaidi. Lumeni 50, usiku mzima na unaofuata. Hakuna tochi ya betri moja ya aina hiyo inayokwepa hesabu hii, iwe imeandikwa taktiko au imeandikwa NASA. Zile zenye betri nene zaidi, 21700, zinafika mAh 5,000, zidisha mwenyewe.

Sasa ile yangu ya sokoni. Betri yake imeandikwa mAh 9,900. Niliifurahia sana siku ile, nikajiona mjanja. Betri ya ukubwa huo ya 9,900 haipo duniani, hata ya juu kabisa haifiki nusu yake. Nilikuja kuipima kwenye mizani ya jikoni: ya kweli ina gramu 45 hivi, ile haikufika 30. Ndani sijui waliweka nini, ila sikuthubutu kuifungua, na wewe usifungue, lithiamu haina utani. Iliwaka vizuri wiki tatu, mwezi wa pili ikawa inazima baada ya dakika ishirini, kisha kimya. Nikanunua nyingine, maana ilikuwa randi 150 tu. Hilo neno "tu" limenila hela nyingi kuliko kitu kingine chochote huku Joburg. Ningeendelea hivyo mwaka mzima, kila miezi miwili tochi, ni randi 900.

Ya randi 560 kwa miaka mitatu ni kama randi 187 kwa mwaka. Ile ya 1,899, tuseme inadumu miaka mitano, ni 380 kwa mwaka. Lakini hapo nimedhani utakaa nayo miaka mitano. Weka mkono moyoni: simu zako ngapi zimekaa miaka mitano mikononi mwako Joburg? Kitu kizuri cha mfukoni hapa kina tarehe yake ya kuondoka. Ukiibiwa mwaka wa pili, gharama ni 950 kwa mwaka, imeipita hata ile takataka ya sokoni.

Najua jibu la kijana wangu, alishanipa: "Kaka, hii ni ya ulinzi, inapofusha mtu." Ndio neno taktiko linachouza. Kuna kitufe unabonyeza inapepesa haraka haraka, eti adui anapata kizunguzungu. Kama umeajiriwa kulinda, unaye mwenzako, una redio na kengele ya dharura, mwanga mkali unakusaidia kumwona mtu kabla hajakuona, sikatai. Ila basi hicho ni kifaa cha kazi, na kifaa cha kazi kwanza unamwuliza mwajiri, hununui kwa hela ya mama. Kwa sisi wengine tunaotembea wenyewe gizani, sikiliza ya shemeji yangu. Alimulika vijana wawili usoni karibu na kwake, akapepesa kama alivyoona kwenye video. Walifumba macho, kweli. Kisha wakamfuata kule kule mwanga unakotokea. Wakachukua simu, wakachukua na tochi. Anachoshukuru ni kwamba waliishia hapo. Mwenye silaha haogopi mwanga, na meno yale ya mdomoni yanakushawishi ubaki mahali ambapo ulitakiwa ukimbie.

Bora tuizungumzie hatari nyingine ambayo tochi ya kawaida kabisa inaiondoa, nayo ni mshumaa. Wengi wetu tunakaa vyumba vilivyogawanywa kwa mbao na mapazia, ndugu wanne ndani. Alfajiri ya Agosti 31, 2023 jengo la Usindiso pale Marshalltown liliungua na kuua watu zaidi ya 70, wahamiaji wakiwemo. Sisemi mshumaa ndio uliowaua, moto ule una habari zake na tume ya Jaji Khampepe ililichunguza jengo lile kwa kirefu. Nasema tu kwamba tangu siku ile siwezi kulala mtu akiwasha mshumaa upande wa pili wa pazia. Na mishumaa yenyewe sio rahisi kama tunavyodhani, niliwahi kujumlisha yangu ya 2023, nikakuta ingeninunulia tochi ya maana na chenji ikarudi.

Tochi yangu ya 560 ukiisimamisha kwenye glasi ikaangalia dari nyeupe, kwa lumeni 100 tu, watoto wanafanya homework, wewe unapika, hakuna anayelalamika. Kwa kweli mwanga mkali chumbani unaumiza macho, ile ya 1,899 nilikuwa naitumia kwenye ngazi yake ya pili kutoka chini muda wote. Yaani nililipia gari la mbio nikaliendesha foleni ya M1.

Kama unakwenda kununua, nitakwambia ninavyofanya mimi. Naangalia kwanza kama betri inatoka, maana betri iliyofungwa ndani ikichoka, na zote huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, umetupa tochi nzima. Naangalia inachajiwa kwa waya wa USB-C huu wa simu, sio kwa kiwaya cha sumaku cha kwao peke yao ambacho kikipotea unatafuta Fordsburg nzima. Naangalia iwe na ngazi ya chini, lumeni 30 hadi 150, na boksi liseme inadumu saa ngapi kwenye ngazi hiyo, sio kwenye ile ya kutishia. Kampuni kama Fenix na Nitecore wanaandika jedwali zima, ngazi kwa ngazi. Hata usiponunua yao, jifunze kulisoma jedwali lao, kisha umwulize muuzaji wa Dragon City la kwake liko wapi. Na ukiihifadhi, legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko. Nyingi zinakata mawasiliano na betri hapo, haivuji kidogo kidogo ikiwa kwenye droo, wala haijiwashi mfukoni ikakuunguza paja.

Kijana wangu hakufurahi. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaniandikia kwamba ametuma yote. Tofauti ya bei kati ya tochi hizi mbili ni zaidi ya randi 1,300, kwa hela ya kwetu haipungui laki na nusu, na kule Muheza kuna mdogo wake anasubiri ada. Ya randi mia tano na kitu atanunua mwezi ujao. Akauliza pia kama anaweza kumpelekea mama yake moja Desemba, choo chao kiko nje.

Anaweza. Ila kwa ndege aiweke kwenye begi la mkononi, na betri ya akiba nayo iwe humo humo, imefunikwa ncha zake kwa plasta au kwenye kiboksi. Betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa haziruhusiwi kwenye begi la chini, na pale O.R. Tambo hawatakusubiri ufungue sanduku ulilokwisha kulizungushia nailoni.