Pilau Tena? Waulizeni Wazee Wanataka Kula Nini

Kina dada, na biharusi wetu wote mnaojiandaa.

Leo tuna ugomvi na nyinyi. Sisi mafundi tunaoshona magauni ya harusi na madira ya shughuli tunayajua mengi ya ndani. Tunajua kitambaa kimetoka Dubai au Darajani, tunajua chakula cha walima kimebadilishwa mara ngapi. Na tunajua, kwa sababu mnatuambia wenyewe huku tunawapima, kwamba kitakachobaki "kitapelekwa kwa wazee".

Kitakachobaki! Wageni wameshashiba, sufuria limefunikwa, limelala, asubuhi linapakiwa garini. Pilau. Familia ya jana ilipeleka pilau, na ya Ijumaa ijayo itapeleka pilau. Ikifika Maulidi, pilau. Anayetaka kuonekana kabadilisha anapeleka biriani.

Visiwa vyetu vina nyumba za kutunza wazee: Sebuleni na Welezo kwa Unguja, Limbani kwa Pemba. Walioko huko wengi hawana mtoto wala ndugu wa kumwambia, "Mama, leo nikupikie nini?" Hilo swali ndilo walilolikosa, na sadaka yenu hailiulizi.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 267, anatukataza kukusudia kile kibaya tukakitoa, hali sisi wenyewe tukipewa hatukipokei ila kwa kufumba macho. Sasa tuambizaneni kweli: biharusi akiletewa pilau ya harusi ya mtu mwengine, imelala, atakula?

Tunajibiwa kwamba mzee hachagui, muhimu ashibe. Nani kasema hachagui? Yule bibi kapika miaka hamsini. Anajua changu wa leo na changu wa jana kwa kumtazama jicho tu. Anajua tui la kwanza linaingia wakati gani. Leo kwa kuwa hana meno na anakaa kitanda cha serikali, ndiyo kasahau anachokipenda? Akirudisha sahani mnasema wazee hawana hamu ya kula. Ulimi ukizeeka ladha hupungua, ni kweli, lakini hiyo ni sababu ya kukitia chakula ladha zaidi. Na mzee asiyekula hukonda, akikonda hukosa nguvu, akikosa nguvu huanguka, na kwa umri ule kuanguka si jambo dogo.

Halafu sukari na presha. Wazee wengi wanazo, kwa hiyo chumvi ipunguzwe, sukari ipunguzwe, tumekubali. Lakini kupunguza chumvi si kupika maji ya moto. Ndimu iko wapi? Tangawizi, thomu, bizari nyembamba, majani ya kotmiri? Hivi ni vya kwetu, na visiwa hivi vinaitwa vya viungo.

Tena vyakula laini tunavyo tele, vya mzee asiye na jino hata moja. Boko boko, ngano na nyama zimesagika mpaka hujui ipi ni ipi. Mseto wa choroko na mchuzi wa samaki aliyetolewa miba. Viazi vitamu vya nazi. Mchicha, maboga, uji wa mtama. Pigeni hesabu: gharama ya sufuria moja la pilau ya nyama inatoa siku ngapi za mseto? Kwa hiyo msituambie habari ya pesa.

Wengine watasema serikali inawahudumia, na tangu 2016 kuna pensheni jamii kwa waliotimia miaka 70. Alhamdulillah, na wapishi wa nyumba hizo Mungu awalipe, maana jiko linalopika chungu kimoja kwa watu wengi lazima lipike kile kinachorahisisha kazi. Hapo ndipo sadaka yetu ingeingia, kwenye kile chungu kimoja kisichoweza.

Hakuna fundi anayekata kitambaa bila kupima. Nyinyi mnakuja kupimwa mara tatu kwa gauni la usiku mmoja, na mkono ukibana kidogo mnanuna. Basi na mzee apimwe. Kabla ya harusi, mtumeni mtu akawaulize wasimamizi nani ana sukari, nani hatafuni, na akawaulize wazee wenyewe wanatamani nini. Mmoja atasema muhogo wa nazi na ng'onda. Mwengine atataka chapati za maji tu na chai ya maziwa. Pelekeni hivyo, vibichi au vimepikwa asubuhi ile ile, na msiende nyote Ijumaa. Jumanne nayo watu wanakula.

Mkifika, kaeni mle nao, mumtolee miba asiyeona vizuri. Simu ziacheni garini. Mfungo Mosi unakuja na harusi zimeshaanza kupangwa. Biharusi atakayekuja kupima gauni, tutamuuliza kaulizia nini kwa wazee kabla hatujashika futi.