Sentensi sahihi, maana kombo

Mama yuko jikoni. Tangu asubuhi amekuwa akiwasubiri wakwe zake. Mara mtoto anaingia mbio na kusema, "Mama, wamekuja wageni!" Mama aliyezaliwa na Kiswahili atauliza papo hapo, "Wageni gani?" Kwani lau wangekuwa ndio wale wanaotarajiwa, mtoto angesema, "Wageni wamekuja." Maneno ni yale yale mawili na upatanisho ni ule ule. Kilichobadilika ni mpangilio, nao ndio unaomjulisha msikilizaji kama watu wanaotajwa anawajua au hawajui.

Je, ni walimu wangapi humu nchini wanaolifunza jambo hili? Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima, tumelea vijana hodari wa kuchora matawi ya sentensi. Katika karatasi ya pili ya KCSE, matumizi ya lugha yamekuwa na alama 40 kati ya 80, na aghalabu sentensi zake huelea hewani, hazina msemaji wala msemeshwa.

Mtoto wa Lamu au Mvita hadhuriki sana, maana muktadha aliunyonya pamoja na maziwa. Lakini kwa wengi wa wanafunzi wetu Kiswahili ni lugha ya pili. Yule ambaye nyumbani huzungumza Kikuyu au Kijaluo husema "Niliona Juma", kwa kuwa lugha yake haidai kiambishi cha yambwa pale jina linapotajwa. Mwalimu humsahihisha: "Nilimwona Juma." Vyema. Ila hamwelezi kwamba kwa vitu visivyo na uhai kiambishi hicho kina kazi nyingine, ya kuonyesha kuwa kitu chenyewe tayari kinajulikana. Basi kijana hukipachika kila mahali. Humkuta mgeni sebuleni na, kwa adabu njema kabisa, humwuliza, "Umekila chakula?" Ngeli ni sawa, kitenzi ni sawa, lakini mgeni anasikia kana kwamba anashtakiwa kumaliza chakula cha wenyewe!

Walimu watasema muda hautoshi na madarasa yamefurika. Nakubali, yamefurika kweli. Lakini kuandika mstari mmoja juu ya sentensi, kueleza nani anasema na nani, tena wapi, hakugharimu chochote. Watungaji wa mitihani wakianza, walimu watafuata kesho yake, maana sote twajua kwamba mtihani ndio unaotawala darasa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unajinasibu kwa mawasiliano. Nitausadiki siku nitakapoona swali linalompa mtahiniwa sentensi mbili, zote sahihi, kisha likamwuliza ni ipi ambayo mama yule jikoni alikuwa akingoja kuisikia.