Programu Haijaharibika, Ni Wewe Hujafungua Modeli

Wacha niseme, na wa kukasirika akasirike: hii tabia ya kusema "simulesheni ni uongo" ni uvivu. Tena uvivu wenye digrii.

Nikiwa mwaka wa pili nilichora saketi ya volti 5 kwa LTspice. Geti ya NAND, mbele yake transista ya MOSFET, iwashe rilei. Nika-run, wapi! Geti inatoa volti 1 tu. Nikampelekea lekchara. Hata hakuangalia. "Programu za bure ndio hivo, tafuta ya kulipia." Nusu ya darasa wakaenda kushusha za wizi mtandaoni, laptopu zikajaa virusi. Mimi karo ilinishinda kabla sijapata jibu, nikarudi Chaani.

Jibu nililipata hapa hapa nyumbani, usiku, malori ya bandarini yakinguruma nje. Geti za ndani ya LTspice, usipoziambia kitu, "moja" kwao ni volti 1. Unaifungua geti, unaandika Vhigh=5, basi. Na kama saketi inajizungusha yenyewe na simulesheni inakwama, ongeza Td=10n, maanake bila hiyo geti inajibu papo hapo bila kuchelewa hata kidogo, na chipu ya hivo haipo duniani. Yote yameandikwa kwenye maelezo ya programu yenyewe! Miezi mzima nahangaika, kumbe ni mstari mmoja.

Mtaniambia, "Mbona kwa laptopu inafanya kazi, kwa bodi inakataa?" Sawa, hutokea. ESP32 inatoa volti 3.3. Geti yako ya simulesheni inageuka kwa 2.5, kwa hivyo inaona "moja" na wewe unafurahi. Lakini 74HC halisi, ikilishwa volti 5, inataka kama 3.5 ndio ikuhakikishie. Weka 74HCT, hiyo inatosheka na 2. Sasa nani kadanganya hapo? Modeli ilijibu swali uliloiuliza. Wewe ndio hukuuliza kuhusu chipu uliyonunua.

Sikatai, modeli zingine ni mbovu. Unashusha moja, pini za mchoro hazifuati mpangilio wa pini ndani ya faili, VCC imekaa pa GND. Lakini hilo pia utalijua vipi kama hufungui faili?

Mei 2024 Marekani ilitangaza inataka Kenya iwe nchi ya kwanza Afrika kufaidika na pesa za sheria yao ya chipu. Nyeri tayari kuna kiwanda. Tunajigamba, halafu mwanafunzi akiuliza kwa nini geti inatoa volti 1 anaambiwa akanunue programu ingine?

Walimu wetu, kwa heshima zote: fungueni modeli mbele ya darasa. Na wewe ndugu yangu, leo usiku kabla hujalaumu programu, ifungue uisome. Kisha ndio uje tubishane.