Kikombe cha Mgonjwa

Msomaji wetu mmoja ametuuliza iwapo yampasa kumtengea mkewe kikombe na sahani. Mkewe anaugua maltipo sklerosisi, maradhi ambayo kinga ya mwili huishambulia ala ya mafuta inayofunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Macho yamefifia, miguu imekufa ganzi, na jamaa wamesikia kwamba chanzo ni kirusi.

Walichosikia kina msingi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 kwa miaka 20. Kati ya wagonjwa 801 ambao damu yao ilipimwa, mmoja tu hakuonekana kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr kabla ya kuugua. Na hatari ya kuugua iliongezeka mara 32 baada ya maambukizi. Ni kirusi kilekile kilichogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa saratani uliotoka Uganda.

Hata hivyo, kirusi hicho huenea kwa mate, aghalabu tangu utotoni, na takriban watu wazima 95 kati ya 100 duniani wanacho. Walio wengi mno hawapatwi kamwe na maradhi haya, nayo maradhi yenyewe hayaambukizi. Ndugu yetu, yaelekea kirusi unacho tayari. Kikombe cha mkeo kirudishe pamoja na vingine.